Namna ya Kutoka Bunge la Jimbo hadi Kuongoza Idara ya Afya Nchini Marekani

Anayetaka kuongoza idara ya afya na huduma za binadamu katika jimbo la Marekani hawezi kuugombea wadhifa huo moja kwa moja, kwa kuwa haupigiwi kura: kwa kawaida gavana ndiye huteua, na katika majimbo mengi seneti ya jimbo ndiyo huthibitisha. Kwa mwanasiasa, njia ya kujulikana ni kiti cha bunge la jimbo. Kabla ya kugombea, soma utaratibu wa jimbo lako, maana mabunge haya hayafanani. New Hampshire ina wawakilishi 400 wanaolipwa dola 100 tu kwa mwaka, hivyo hakikisha una kipato kingine. Nebraska ina baraza moja lenye wajumbe 49.

Ukishachaguliwa, omba kuingia kamati ya afya, lakini usiridhike nayo, kwani darasa hasa liko kwenye kamati ya bajeti. Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato kidogo iliyoanzishwa kwa sheria ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 30 Julai 1965, hugharimiwa na serikali kuu pamoja na majimbo. Kwa huduma nyingi za matibabu serikali kuu huchangia angalau nusu, na jimbo ambalo wakazi wake wana kipato cha chini huchangiwa zaidi. Kwa hiyo mbunge anayepunguza dola moja ya jimbo huwa amepoteza pia dola moja au zaidi ambayo ingetoka Washington. Mbunge anayeweza kuwafafanulia wenzake hesabu hiyo, bila kumtegemea mtaalamu aliyeketi nyuma yake, ndiye gavana atakayemkumbuka. Tarajia pia kuulizwa ulipiga kura gani kuhusu kupanua Medicaid ili iwafikie watu zaidi wa kipato kidogo, kwani tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2012 kila jimbo lina hiari ya kuukubali au kuukataa upanuzi huo.

Uteuzi ukikaribia, isome katiba ya jimbo kwa makini. Mara nyingi hutaruhusiwa kubaki mbunge huku ukiongoza idara, na katika baadhi ya majimbo mbunge hawezi kuteuliwa kushika wadhifa ulioundwa, au ulioongezewa mshahara, katika kipindi chake cha ubunge.

Ukiingia ofisini, kazi hubadilika kabisa. Ulinzi wa watoto, msaada wa chakula na hospitali za magonjwa ya akili huweza kuwa chini yako, na wabunge uliokaa nao sasa watakuita kukuhoji. Anzia kwa watumishi wanaopokea maombi ya wananchi, kwa maana sheria nzuri hukwamia mezani kwao. Kathleen Sebelius, aliyeanzia bunge la Kansas mwaka 1987, akawa kamishna wa bima, kisha gavana, aliongoza wizara ya afya ya serikali kuu kuanzia 2009; sheria kubwa ya bima ilipitishwa mwaka 2010, lakini tovuti ya kujiandikishia ilipofunguliwa Oktoba 2013 ilikwama, na ni yeye aliyeitwa mbele ya Bunge la Marekani kueleza sababu.