Namna ya Kumpa Dada wa Kazi Intaneti ya Nyumbani
Zipo nyumba za Kisasa, Ilazo na Nkuhungu, hapa jijini Dodoma, ambamo dada wa kazi hununua bando kwa mshahara wake ilhali nywila ya Wi-Fi hupewa kila mgeni anayekuja kula chakula cha Jumapili. Mimi nasema mpe, tena siku ile ile anapoanza kazi, kwa sababu binti aliyemwacha mama yake Kondoa au Mpwapwa anahitaji kumwona usoni.

Ingia kwenye mipangilio ya ruta, yaani kifaa kinachosambaza Wi-Fi, washa mtandao wa wageni (guest network), ulio kando na ule wa familia, na uuwekee nywila ya peke yake, ili simu ya dada isizifikie kompyuta na kamera za familia. Siku akiondoka, utabadilisha nywila hiyo peke yake. Ikiwa chumba chake kiko uani, chagua masafa ya mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta za tofali vizuri zaidi kuliko yale ya gigahezi 5.

Kisha keti naye mkubaliane kwamba mtoto anapoogeshwa, au sufuria ya uji ikiwa jikoni, simu huwekwa kando, na kwamba picha za watoto hazipandishwi mtandaoni bila idhini yako. Anachotazama usiku, kazi ikiwa imekwisha, usikipekue.