Ukitaka kumshika mkono mwanafunzi, anza na daftari lake

Nina steshenari Nkuhungu, hapa Dodoma mjini: mashine mbili za kopi, kompyuta moja, na benchi la mbao nje chini ya mwarobaini. Watoto wananiita Mama Kopi. Kwa miaka kumi na kitu benchi hilo limekaliwa na wanafunzi wasio na wa kuwafuatilia nyumbani. Yupo anayelelewa na bibi, yupo aliyetoka kijijini Bahi akapanga geto na wenzake wawili ili awe karibu na shule, yupo binti aliyejifungua akarudi darasani. Mimi si mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne nikapata divisheni ya nne. Watu wakisikia habari za benchi huniuliza nawasaidiaje watoto hao na masomo, na nimechoka kurudia yale yale kaunta, wateja wakiwa wamesimama.

Chukua wachache, watatu au wanne. Niliwahi kuwa na kumi na wawili nikawa nachanganya majina, na mtoto ukimwita jina la mwenzake anajua yeye ni nani kwako. Panga siku moja na saa moja, usihamishe. Yangu ni Alhamisi saa kumi jioni. Mtoto aliyechoshwa na ahadi za wakubwa atakuja wiki tatu za mwanzo kuangalia tu kama utakuwepo.

Kabla hujaanza, nenda kwa anayemlea. Piga hodi, kaa kwenye kigoda utakachopewa, pokea hata maji, sema wewe ni nani na unakaa wapi. Kisha mwone mwalimu wake wa darasa. Kutaneni mahali pa wazi. Benchi langu barabara nzima inaliona. Usimwite chumbani kwako, usimtumie meseji usiku. Wanaume hasa nawaambia hivi bila kuona haya. Mtoto akikueleza kwamba anapigwa au anashikwa-shikwa, usimwahidi kuficha. Kuna ofisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kuna namba 116, ambayo kuipiga ni bure.

Alama acha kwanza. Muulize amekula nini leo, analala na nani, anatembea muda gani kufika shule, usiku anasomea taa gani. Ni kweli ada iliondolewa sekondari za serikali mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita nao wakaingizwa. Lakini viatu, sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana vyote bado vinamsubiri bibi mlangoni. Halafu angalia kalenda ya huku kwetu. Kidato cha kwanza kinaanza Januari, wakati ghala la mtama wa mwaka jana limebaki vumbi na mpya bado ni majani. Mpaka Machi unaambiwa mtoto ni mvivu, anasinzia. Ana njaa. Uwele ukikaribia kukomaa ndege wanashuka, na anaitwa kijijini kuamia. Mimi sigombani na bibi, maana shamba ndilo chakula chao. Nakaa naye tunagawana siku: Jumamosi na Jumapili mjukuu ni wake, Jumatatu mpaka Ijumaa aachwe asome. Mara nyingi anakubali, ila akubali mbele ya mtoto mwenyewe.

Sasa daftari. Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Binti mmoja wa kidato cha kwanza aliniletea daftari la Baiolojia. Mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, hakuna tarehe iliyorukwa. Ungeliona ungesema huyu yuko vizuri. Nikamwambia, “Nisomee hapa.” Akakaa kimya. Nikatazama kwa karibu: maneno yameshikana, “cleanthewound” kama neno moja. Alikuwa ananakili maumbo kutoka ubaoni, kama mtu anayechora maua ya kanga. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, leo kila somo ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe na mengine machache.

Nikafunga daftari. “Ukijikata na jembe shambani, bibi anakufanyaje?”

“Ananiosha kwa maji safi, mama. Anachana kipande cha kanga anafunga, ananiambia ninyanyue mguu juu.”

“Basi hicho ndicho ulichoandika.”

Alilifungua mwenyewe akaanza kutafuta maji yako wapi kwenye ukurasa.

Tangu hapo nafanya hivi na wote. Kwanza anieleze jambo kwa Kiswahili, hata kwa Kigogo akitaka, kwa mfano wa nyumbani kwao. Kisha tunatafuta maneno matatu ya Kiingereza yanayobeba jambo hilo. Matatu tu kwa siku. Karatasi zinazoharibika kwenye mashine nazikata vipande vinane. Upande mmoja neno, upande wa pili maana kwa maneno yake, si ya kamusi. Anazifunga kwa mpira, anazitoa njiani akienda shule. Kufikia likizo ya Juni binti yule alikuwa na bunda nene kama kipande cha sabuni, na Alhamisi moja akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Nikamwambia akamuulize mwalimu kesho, aniletee jibu. Ukikosa jibu fanya hivyohivyo, usijifanye unajua.

Kuhusu mitihani iliyopita nitasema jambo linaloniharibia biashara: usimnunulie rundo. Mmoja aufanye, asahihishiwe, wiki mbili baadaye aufanye tena huohuo. Tena Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoonyesha walikosea wapi. Chapa kurasa za somo linalomsumbua tu.

Usimseme mbele za watu. Hili nalijua kwa kosa langu. Kijana wa kidato cha pili alikuja kuchapa kazi, duka limejaa, nikaropoka, “Hesabu umepata saba kweli? Na mimi nakaa hapa na wewe kila wiki?” Wateja wakacheka. Alilipa, akaondoka, Alhamisi hakuja, iliyofuata hakuja. Baada ya mwezi na nusu nikamkuta stendi ya Sabasaba ana ndoo ya maji ya chupa kichwani. Nilinunua chupa mbili, nikamwomba radhi palepale mbele ya makonda, kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu. Shule alirudi baada ya Pasaka. Benchini hakurudi mpaka Agosti.

Hatari nyingine ni kimya cha baada ya kidato cha nne. Mtihani unaisha Novemba, matokeo Januari, kidato cha tano Julai. Miezi yote hiyo mtoto wa masikini anaonekana kama mtu mzima asiye na kazi: wa kiume anapewa bodaboda ya kupeleka hesabu kwa mwenye nayo, wa kike anatafutiwa kazi za ndani Dar es Salaam. Alhamisi zenu zisikome Novemba. Matokeo yakitoka, kaeni naye mpitie machaguo ya masomo aliyojaza shuleni, maana TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi shuleni, hufungua dirisha la kuyabadilisha, na wengi walijaza kwa kufuata rafiki. Kama hakupita, kuna vyuo vya ufundi vya VETA, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, kuna kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyeacha shule mapema asome kupitia Elimu ya Watu Wazima, afanye kwanza Mtihani wa Maarifa, ule unaomfungulia mlango wa mtihani wa kidato cha nne. Na aliyejifungua mwambie Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unamruhusu kurudi katika shule ya kawaida. Wapo wazazi ambao mpaka leo hawajausikia.

La mwisho ni makaratasi, na hapo naongea kama mtu wa kopi. Mkopo wa chuo kikuu unadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi vilevile. Nimeona binti ambaye jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa lilipishana herufi moja na la cheti cha shule. Herufi moja ilimpeleka kwa wakili kula kiapo, ikamrudisha wilayani mara mbili, na nauli yote ilikuwa ya kukopa, dirisha la maombi likiwa limebakiza siku nne.

Siku hizi mtoto akikaa benchini mara ya kwanza, nikishamuuliza amekula nini, namwambia Alhamisi ijayo aje na cheti cha kuzaliwa, hata kama ndiyo kwanza yuko kidato cha kwanza. Wengi wanarudi mikono mitupu. Basi Ijumaa nafunga duka saa sita, tunaenda wote kukitafuta.