Kabla ya Kulipia Safari ya Kuwinda Mbwa Mwitu British Columbia

Swali la kwanza kwa mwongozaji lisiwe bei. Muulize leseni yake na mipaka ya eneo alilopewa, kwa sababu katika jimbo hilo la Kanada mgeni haruhusiwi kuwinda mnyama mkubwa peke yake, na mbwa mwitu wa kijivu ni miongoni mwa hao. Mwongozaji wa kweli ataonyesha karatasi zake bila kununa.

Kisha elewa unacholipia: ni siku za msituni, si mbwa mwitu. Kundi moja huzunguka eneo la mamia ya kilomita za mraba na laweza kutembea kilomita 30 kwa siku. Huenda likafika kwenye mzoga mliouweka kama chambo juu ya ziwa lililoganda saa mbili baada ya ninyi kuondoka. Kwa hiyo uliza wateja wangapi wa msimu uliopita walirudi mikono mitupu, na dhoruba ikiwafungia kambini fedha zako zitakuwaje. Anayekuahidi mnyama kwa uhakika, mimi nisingempa hata malipo ya awali.

Baridi ndiyo inayowashinda wengi. Manyoya huwa mazuri zaidi katikati ya majira ya baridi, na huko nyuzi 30 chini ya sifuri si ajabu, nawe umekaa kwenye kibanda cha kuvizia saa nyingi bila kujitikisa. Acha nguo za pamba. Zikilowa jasho hazikaushi mwili. Vaa sufu, na buti ziwe na nafasi ya vidole kucheza, maana buti inayobana huzuia damu. Bunduki nayo isafishwe mafuta ya ziada, yasije yakaganda na kuchelewesha pini inayofyatua risasi. Usiiingize kwenye kibanda chenye moto kisha ukaitoa tena: unyevu utakaotua juu yake utageuka barafu. Betri ziweke karibu na mwili.

Fanya mazoezi ya shabaha ukiwa umekaa na umevaa glavu zilezile utakazokwenda nazo. Kama kwa mita 200 risasi zako hazikusanyiki ndani ya sahani, usimpige mnyama kwa umbali huo. Kumjeruhi na kumwacha apotelee msituni ni ukatili, na hakuna ngozi inayostahili hilo.

Ukibeba bunduki yako, jaza fomu RCMP 5589, tamko la silaha la polisi wa Kanada kwa wageni, lakini usitie sahihi mpaka uwe mbele ya afisa wa forodha. Ada ni dola 25 za Kanada, na tamko hudumu siku 60. Kutoa ngozi au fuvu nje ya Kanada huhitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyamapori. Kubalianeni mapema nani atakishughulikia.

Wakati wa kuchuna, vaa glavu za mpira na usiguse kinyesi. Mbwa mwitu hubeba minyoo ya ekinokokasi, jamii ileile inayosababisha uvimbe wa maji kwenye ini, ugonjwa unaojulikana sana Turkana kupitia mbwa wa kufugwa.