Kabla Hujahama Uingereza Kwenda Kanada, Soma Hapa Kwanza

Sisi tuliokaa Uingereza miaka mingi huingia Kanada kifua mbele. Kiingereza tunakijua, foleni tumezoea kupanga, na ukishika noti ya dola 20 unamkuta Malkia Elizabeth yule yule anakutazama. Unajiona kama umetoka Reading kwenda Leicester tu. Mimi nilikaa Reading miaka 14 kabla ya kuhamia Edmonton, mkoa wa Alberta, na mpaka leo napigiwa simu na watu waliokwisha kata tiketi, wananiuliza wanunue koti gani. Koti utanunua huku huku, la Uingereza halikusaidii. Uliza haya mengine.

Leseni ya udereva. Alberta wanakubadilishia ya Uingereza bila mtihani, ila kadi yako wanaichukua. Usipitishe siku 90 tangu ufike.

Barua ya bima ya gari. Iombe kampuni yako kabla hujavunja mkataba, itaje miaka uliyoendesha bila kudai fidia. Bila hiyo utatozwa kama kijana aliyeshika usukani jana.

Rekodi yako ya mikopo haivuki bahari. Hata kama ulilipa benki miaka kumi bila kuchelewa siku moja, huku unaanza sifuri, kwa hiyo njoo na fedha za kukutosha miezi kadhaa.

Matibabu. Daktari na hospitali hulipi, lakini meno, miwani na dawa unazoandikiwa na daktari mara nyingi ni juu yako au bima ya kazini. Mliotoka Uskoti, mlikozoea dawa za bure, mtaumia zaidi. Na ukienda British Columbia, kadi ya matibabu inasubiriwa: mwezi uliofika uishe, kisha miwili mingine. Nunua bima ya kuziba hilo pengo.

Likizo! Uingereza sheria inakupa siku 28 kwa mwaka. Huku mikoa mingi inaanza na wiki mbili. Uliza kabla ya kusaini, maana ukishasaini utaomba ruhusa ya kwenda kumzika mtu kama unaomba mkopo.

Birika la umeme liache. Umeme wa kule ni volti 230, huku 120. Langu nililibeba kwa ukaidi na kichwa cha kubadilishia plagi. Maji yalichemka taarifa ya habari imeshakwisha. Bei ya kwenye rafu nayo si utakayolipa: Alberta ongeza kodi ya asilimia 5, mkoa wa Ontario 13.

Sasa hili la joto la nyumba, kaa chini nikueleze.

Uingereza tumefundishwa ubahili wa gesi. Ukisafiri unazima boila kabisa, ukirudi nyumba imepoa kidogo, unavaa sweta, maisha yanaendelea. Desemba yetu ya kwanza Edmonton tulialikwa harusi Leicester, wiki mbili. Masanduku yameshaingia kwenye gari, nikarudi ndani, nikakiendea kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, nikakizima. Kwa mkono wangu huu. Nikamwambia na mume wangu, anisifu.

Siku ya tisa tuko kwenye pilau, simu ikaita. Jirani yetu, mzee wa Glasgow aliyehamia huku tangu miaka ya 70. "Nyumba yenu mbona haitoi mvuke?" Siku hiyo Edmonton ilikuwa nyuzi 31 chini ya sifuri, na baridi ikifika hapo kila nyumba mtaani hufuka mvuke mweupe juu ya paa. Yetu peke yake imetulia. Akaenda kuchungulia dirisha la chumba cha chini ya nyumba, akakuta kioo kimeganda kwa ndani, unene wa kidole.

Maji yakiganda huvimba. Bomba la nyuma ya sinki la jikoni lilikuwa limepasuka, na bomba la mtaani, ambalo limefukiwa mbali chini haligandi, likawa linaleta maji tu siku hata sijui ngapi. Mzee hana ufunguo, hatukumwachia mtu. Akamwita fundi wa vitasa, akashuka ngazi maji yakimfika vifundoni, akaitafuta koki kuu kwa tochi ya simu. Sakafuni kulikuwa na boksi la vitu vya marehemu mama yangu kutoka Tanga. Khanga yake moja mzee aliitoa nje, ikaganda ikasimama kama ubao. Akanitumia picha: hiki kitambaa ni cha kutupa?

Mtu wa bima hakuuliza tumepoteza nini. Aliuliza nani alikuwa akiingia kuikagua nyumba. Mkataba wetu, kwenye ukurasa ambao sikuufikia, ulisema msimu wa baridi ukiondoka zaidi ya siku nne mfululizo, ama mtu aje kukagua kila siku, ama ufunge maji na kuyamwaga yote yaliyomo kwenye mabomba. Hatukuambulia hata senti. (Na senti moja yenyewe Kanada waliacha kuigawa mwaka 2013.)

Basi: joto halizimwi. Lishushe mpaka nyuzi 15 au 16, uondoke. Koki kuu uijue iko wapi siku ile ile unayokabidhiwa nyumba, na uizungushe uone kama inafunga. Ufunguo mmoja ukae kwa jirani.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenifumbua macho kuhusu pensheni ya serikali ya Uingereza. Ukiwa Kanada nayo inaganda: kiwango ulichoanza kupokea ndicho hicho hicho, wenzako walioko kule wakiongezewa kila mwaka. Dada yake yuko Florida, Marekani, yake inapanda. Hilo linamchoma kuliko baridi. Mlio na wazazi wanaokaribia kustaafu, pigeni hesabu kabla hamjawavuta huku.

Mengine ni madogo madogo, ila yana faini. Basi la shule likiwasha taa nyekundu unasimama, hata kama mnapishana. Theluji ya njia ya miguu mbele ya nyumba yako ni yako, nunua chepe mapema, Novemba zimeshakwisha. Kura uliyokuwa ukipiga Uingereza na pasi yako ya Tanzania au Kenya, huku mpaka uraia. Viatu unavua mlangoni, hilo angalau hatufundishwi. Na mengi ninayosema ni ya Alberta. Usiyabebe kwenda nayo Quebec, ambako hata matairi ya theluji ni sheria, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Pigia simu ofisi za mkoa unaokwenda, mwulize mtu anayeishi pale, na akikwambia "ni kama Uingereza tu," mwulize mwingine.