Ukitaka gitaa la metali lisikike zito, punguza distoshoni

Karibu kila bendi ya metali, ule muziki wa roki mzito, inayokuja kurekodi kwangu hapa Nairobi ina ombi lile lile: "Dada, tuongezee distoshoni," yaani ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa la umeme. Mimi huipunguza. Jukwaani gitaa moja linahitaji kujaza ukumbi, lakini kwenye rekodi utapanga magitaa mawili, pengine manne, na distoshoni ya kila moja inajumlishwa. Ikizidi, mgongo wa kila noti unameng'enyeka na rifu yote, kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, inakuwa uji. Tafuta kiwango unachokipenda ukiwa unapiga peke yako, kisha kirudishe nyuma kama robo.

Kabla ya hapo, shughulikia nyuzi. Weka mpya, tena nene kama mnalegeza nyuzi ili ule mzito kabisa ushuke hadi noti ya C au B. Uzi mwembamba uliolegezwa ukipigwa kwa nguvu huanza juu ya noti yake ndipo uteremke, na hakuna programu itakayolificha hilo vizuri. Kwa sababu hiyo hiyo, usitune kwa kugusagusa nyuzi taratibu. Zipige kwa nguvu ile ile utakayotumia kwenye wimbo, uangalie tuna, kile kifaa cha kupima noti, inasema nini mwanzoni mwa mlio. Hakikisha pia noti ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya shingo ya gitaa) inalingana na ule mlio mwembamba unaotoka ukigusa uzi hapo hapo bila kuubana. Halafu tuna tena kila baada ya rekodi moja. Ndiyo, kila moja.

Pedali ya Ibanez Tube Screamer, au mojawapo ya nakala zake za bei nafuu, inakaa kati ya gitaa na amplifaya: kitufe cha "drive" kwenye sifuri, cha "level" karibu na mwisho. Hapo kazi yake ni kupunguza sauti nzito za chini kabla hazijafika kwenye distoshoni, ili ukifunika nyuzi kwa ukingo wa kiganja mapigo yatoke makavu. Maiki, mimi natumia Shure SM57, iguse karibu kabisa na kitambaa cha spika. Katikati ya spika sauti inachoma masikio. Ukielekea ukingoni inafifia. Mwambie mwenzako aisogeze sentimita moja moja wewe ukisikiliza kwa hedifoni. Ekwalaiza, ile ya kuongeza au kupunguza sauti nzito na nyembamba, isubiri kwanza.

Rekodi pia sauti kavu ya gitaa, moja kwa moja kwenye kompyuta, kwenye treki yake, yaani njia yake peke yake ya kurekodia. Umeme ukipotea katikati ya kazi, kompyuta ya mapajani ina betri, amplifaya haina. Ile sauti kavu utaipitisha kwenye amplifaya siku nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Rifu moja ipigwe mara mbili, moja iende kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Usinakili ya kwanza ukaihamishia upande wa pili: sauti mbili zinazofanana kabisa hurudi katikati na upana wote unapotea. Kwenye kasi ya mapigo 200 kwa dakika, noti nne ndani ya pigo moja zinaachana kwa milisekunde 75 tu. Mkono wa kulia ukichelewa milisekunde 20, sikio linasikia mapigo mawili badala ya moja. Rekodi vipande vifupi, na palipoteleza parudiwe kwa mkono. Ninapokazania zaidi ni pale rifu inapokatika. Kuanza pamoja kila bendi inaweza. Kunyamaza pamoja ndiko kunakotoa jasho. Mkono wa kushoto nao ulale juu ya nyuzi pigo linapoisha, la sivyo mlio unavuja.

Kwenye dramu, ukisogeza pigo la kiki (ile dramu kubwa ya mguu) lililochelewa, sogeza treki zote za dramu kwa pamoja. Kiki hiyo hiyo imeingia pia kwenye maiki za matoazi, na ukiihamisha peke yake utaisikia mara mbili. Mapigo ya miguu nayanyoosha bila huruma, kwa sababu gitaa linayategemea. Ile mizunguko ya mikono inayoelekea kwenye kiitikio naiacha kama ilivyopigwa. Ukiisawazisha yote, ulimlipia mpiga dramu nauli ya bure.

Mwisho ni gitaa la besi, ambalo vijana hulidharau. Metallica walipotoa "...And Justice for All" mwaka 1988, besi ya Jason Newsted ilizikwa karibu yote, na mashabiki wanalalamika hadi leo. Uzito mwingi unaoudhania ni wa gitaa unatoka kwenye besi. Kwa ekwalaiza, kata sauti za gitaa zilizo chini ya hezi 80 hivi, uiachie besi nafasi hiyo. Besi yenyewe igawe treki mbili: ya chini safi, ya juu yenye distoshoni kidogo ili noti zitambulike hata kwenye spika ya simu. Gitaa likisikika jembamba ukilisikiliza peke yake, usiliongezee kitu. Rudisha besi na kiki kwanza, ndipo uamue.