Kupima kichocheo cha platini: kilichochoka ni platini au kaboni?

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya seli za fueli, yaani vifaa vinavyotoa umeme kwa haidrojeni na oksijeni, kichocheo kikishuka nguvu msikimbilie kusema "kimechakaa". Semeni kimechakaa nini. Platini huyeyuka, chembe ndogo huisha na kubwa hunenepa. Kaboni inayozibeba nayo huungua taratibu ikawa kaboni dioksidi. Ni magonjwa mawili, kila moja na kipimo chake.

Anzeni na wino. Miligramu 20 za unga wenye platini asilimia 20, mililita 10 za maji na aisopropanoli (aina ya pombe), na tone la Nafion, plastiki inayopitisha protoni na kuushikiza unga. Maji yatangulie! Unga mkavu wa platini ukikutana na mvuke wa pombe unaweza kuwaka moto. Chombo cha mawimbi ya sauti kinachotawanya unga kijazeni maji ya barafu, kwa sababu joto hufanya chembe zigandane.

Mikrolita 10 za wino huo kwenye diski ya elektrodi yenye kipenyo cha milimita 5 huweka takriban mikrogramu 20 za platini kwa kila sentimita ya mraba. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko kwingine kote. Tone likikauka limetulia, unga hukimbilia pembeni na kuacha pete nyeusi yenye kitovu kitupu. Geuzeni elektrodi juu chini, diski yenye tone itazame juu, izungusheni polepole tone likikauka, kisha itazameni kwa lenzi. Utando huo wa wino uliokauka ukiwa na pete, futeni mpake upya. Hakuna hesabu itakayouokoa.

Asidi iwe pekloriki ya 0.1 M, na vyombo visafishwe hadi visibaki na kloridi, maana kidogo tu huziba platini. Kwa hiyo elektrodi rejea (ile ambayo volti hupimwa dhidi yake) ya fedha na kloridi ya fedha mimi siitaki kwenye kazi hii. Tumieni ya haidrojeni.

Pimeni eneo la uso wa platini kwanza, ndani ya argoni, gesi isiyoingilia: chaji ya haidrojeni igawanywe kwa mikrokulombu 210 kwa sentimita ya mraba. Ndipo mjaze oksijeni, mzungushe mara 1600 kwa dakika, msome mkondo kwenye volti 0.9. Mkondo wa kikomo, yaani ule wa juu kabisa ambao oksijeni inayofika inaruhusu, usipokaribia miliampea 6 kwa sentimita ya mraba, rudini kwenye utando.

Sasa uimara. Kwa platini, rusheni volti ya elektrodi kati ya 0.6 na 0.95 mara 30,000. Mkikaa sekunde 3 kila upande, ni saa 50. Kwa kaboni, pandeni na kushuka kati ya volti 1.0 na 1.5 mara 5,000, kwa milivolti 500 kwa sekunde. Haifiki hata saa tatu. Kila jaribio lipate utando wake mpya.

Kabla ya kupima tena eneo na mkondo mwishoni badilisheni asidi, msije mkauita uchafu uchakavu. Eneo likiwa limepungua huku kila sentimita ya mraba ya platini iliyobaki ikifanya kazi kama mwanzo au zaidi, chembe zimenenepa au zimeyeyuka. Mchoro wa mkondo dhidi ya volti ndani ya argoni ukinenepa katikati na kuota nundu karibu na volti 0.6, kaboni imeshika oksijeni. Mkiwa na hadubini ya elektroni, pakeni wino huo huo kwenye wavu wa dhahabu, mpige picha pale pale kabla na baada ya jaribio: chembe iliyong'oka na iliyoungana na jirani yake zitaonekana moja moja.