Kutembea peke yako mpaka mto Sabaki unapomwaga baharini, msimu wa kusi (upepo wa kutoka kusini)

Mwezi wa tano wa sita hivi Malindi wageni hakuna, hoteli kibao zimefungwa na bahari ni kahawia kwa tope ambalo Sabaki inashusha kutoka bara. Watu watakwambia hakuna cha kuona. Mimi naona ndio wakati wenyewe, ila fuata saa za maji, sio saa za simu.

Kwa hiyo anza na mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakupwa mbali lakini yakirudi yanarudi mbio, kama hujazoea subiri maji mafu (mwezi ukiwa nusu), ufuo utakuwa mwembamba lakini huna presha. Na maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, usipige hesabu na ya jana, ulizia wavuvi. Toka mjini kama masaa mawili hivi kabla hayajakupwa kabisa, ushike kaskazini kwenye mchanga uliolowa. Kusi inakusukuma mgongoni utajiona una nguvu sana, kumbe kurudi ndio inakupiga usoni na mchanga wake, so maji ya kunywa bakisha nusu.

Karibu na mto mchanga unageuka tope. Penye mikunjo ya mawimbi kanyaga, panapong'aa laini kama sahani pazunguke. Ndara sahau, zinabaki chini, vaa raba nzee za kufunga kamba. Ukizama mpaka goti usivute mguu kwa nguvu, utazamisha wa pili, egemea nyuma kama unakaa, tikisa polepole maji yaingie ndo utoe.

Viboko wapo, sio stori. Ukiona alama kubwa ya vidole vinne na bado mbichi geuza njia, usikae katikati ya kiboko na maji, na kabla ya magharibi uwe umeshatoka maana usiku ndio wanapanda kula nyasi. Kuvuka mto kwa miguu, hapana, hata ukiona kina ni kifupi.

Heroe (flamingo) wakiwepo utawaona kwa mbali. Mimi nawapenda zaidi wale ndege wengine wadogo wa rangi ya udongo wanaokuja na kusi kutoka Bukini (Madagaska), wanalala mchangani usiwakurupushe.

Simu tia kwenye mfuko wa plastiki, na uache neno nyumbani unaelekea wapi. Ukichoka kurudi na ufuo panda juu mpaka barabara ya Lamu, karibu na daraja, udake tuktuk. Msimu huu wateja hawana, bei mtaelewana.